Jaruba la Kioo

Jumapili, baada ya misa ya kwanza.

Jana mvua ilinyesha kutwa nzima, leo imepumzika. Vumbi la mtaa wetu wa Kashaulili limelala kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano. Mimi nimekaa kwenye kigoda, pua iko karibu na kioo, na sijapika. Mchele uko kwenye sufuria hata haujaoshwa. Nyie mnaonifahamu mnajua hilo si jambo la kawaida kwangu.

Nina habari mbili leo, moja ya kujisifu na moja ya aibu. Nilitaka nianze na ya kujisifu kama kawaida yangu. Gaude amesema nianze na mwanzo.

Kwa mgeni anayenisoma leo: Gaude ni Gaudensia, binti yangu, yuko kidato cha pili. Ndiye aliyenifungulia hii blogu kwenye simu, ndiye anayenirekebishia herufi, na ndiye mwenye akili kuliko watoto wote wa mtaa huu. Sisemi hivyo kwa sababu nimemzaa. Nasema kwa sababu ni kweli. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba kule Mamba, nikaolewa, nikahamia Mpanda, na sasa nauza mchele sokoni. Baba yake yuko Sibwesa shambani wiki zote hizi, kwa hiyo haya yote yametokea kati yetu sisi wawili.

Mwezi wa tisa Gaude aliniletea simu nikiwa nasuka ukili. "Mama, angalia. Msitu uko ndani ya maji." Nikaangalia. Ni sanduku dogo la kioo, ndani yake kuna majani ya kijani yamesimama, kuna visamaki vinapita katikati yake kama ndege kwenye miti. Inaitwa akwariamu. Wenye hela wananunua mashine ya kupuliza hewa, taa maalumu, na mchanga wa dukani unaokuja kwenye mfuko wenye picha.

Nilimwambia mwanangu, mchanga wa dukani wa nini wakati mama yako amezaliwa kwenye tope?

Basi tukatengeneza yetu. Vioo tulipewa na fundi wa madirisha ya aluminiamu, vile vipande anavyokata akabakiza. Silikoni alitupa iliyobaki kwenye mrija. Gaude alipima kwa rula, akasafisha kingo kwa siki, akagundisha, akakataza mtu kugusa siku mbili. Kioo chetu kilipomaliza kukauka kilikuwa na urefu wa mkono wangu kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Maji yake ni lita kumi na mbili, tulipima kwa kidumu cha lita tatu mara nne. Kona moja ilivuja. Akaipaka tena, ikaacha. Unaona mtoto huyo?

Udongo niliuleta mimi. Nilikwenda Mamba kumsalimia mama yangu, nikaenda kwenye kale kabonde pembeni mwa jaruba letu la mpunga, pale maji yanapotuama masika na kiangazi panapasuka nyufa. Nikachimba tope jeusi lililokauka, nikajaza mfuko wa salfeti nusu, nikapanda nalo basi. Kondakta akanyanyua mfuko, akaushusha.

"Mama, humu kuna nini? Mawe?"

"Udongo."

"Udongo! Kwani Mpanda hakuna udongo?"

"Wa kwenu si udongo, mwanangu. Ni vumbi."

Basi zima lilicheka. Yeye naye alicheka, akauweka mfuko vizuri.

Gaude aliumwagia udongo maji yaliyochemka, akasema amesoma kwamba ni lazima kuua wadudu. Akautandaza chini ya kioo, juu yake akaweka mchanga wa mto uliooshwa mara saba. Majani alikwenda kuyang'oa pembeni mwa bwawa la Milala, yale laini yanayofanana na mkia wa mbweha. Visamaki alivichota hukohuko kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Vitano, vyembamba kama njiti za kiberiti zilizoota macho. Hakuna mashine. Kinakaa kwenye meza ya kusomea karibu na dirisha, jua la asubuhi linapiga, na majani yanatoa vipovu vidogo vidogo kama soda. Gaude anasema hiyo ni hewa, majani yanawapulizia samaki.

Niliacha kazi nikaangalia vipovu. Nawaambia ukweli.

Nina maswali mengi tangu hiki kioo kiingie nyumbani. Samaki analala saa ngapi, na kama hana kope anafumba nini? Kuna konokono mmoja alikuja na majani, hakualikwa na mtu, na anatembea juu ya maji kichwa chini miguu juu, wakati hana hata miguu. Anashika nini? Miaka yote nimekanyaga maji ya mpunga nikidhani nayajua. Nilikuwa nayaona kwa juu tu. Sikuwahi kuyatazama kwa ubavuni.

Jirani yangu Mama Shija yeye hakuvutiwa. Alisimama mlangoni na beseni lake kichwani. "Samaki wa kuangalia? Na ugali nao utauangalia?" Nikamwambia aendelee na safari yake.

Sasa naingia kwenye aibu.

Wiki tatu zilipita, majani yakaanza kupauka. Si sana, kwenye ncha tu, rangi ya njano kama mpunga wenye njaa. Gaude alisema tusiwe na haraka, mmea ukihamishwa lazima uhangaike kwanza. Akaandika kwenye daftari lake, akaendelea na shule.

Lakini Jumamosi ya wiki iliyopita Jumuiya yetu ya kanisani ilikuwa inasali kwangu. Kina mama wote wa Jumuiya, na mimi nilishawaambia kuanzia sokoni mpaka kanisani kwamba binti yangu ana msitu ndani ya maji. Sasa waje waone msitu wa njano?

Na mimi ni mtoto wa mkulima wa kule Mamba, Mpimbwe. Mpunga ukigeuka njano, baba yangu hakuuliza mtu. Alishika mbolea ya kukuzia, ile nyeupe ya punje, akarusha. Siku chache tu jaruba linarudi kijani. Nikajiambia, hiki si jaruba? Kina tope la jaruba, kina maji, kina majani. Tofauti ni kwamba kina kuta za kioo.

Ijumaa asubuhi Gaude alipokwenda shule nilichota kijiko kimoja, nikakizungusha juu ya maji kwa mkono ule ule wa baba. Hata nilijisikia vizuri.

Alasiri Gaude aliporudi samaki walikuwa juu, midomo nje, wanameza hewa. Akabadilisha maji nusu. Akakaa nao hadi alipolazimika kupika. Jumamosi asubuhi wote watano walikuwa wamelala ubavu.

Konokono peke yake alipona. Alipanda kioo akatoka nje ya maji kabisa. Konokono ana akili kuliko mimi.

Gaude aliwatoa kwa kijiko cha mbao mmoja mmoja, akawazika chini ya mpapai. Mimi nilifunika kioo kwa kitenge kwa sababu Jumuiya ilikuwa njiani. Tukasali rozari. Walipomaliza chai macho yote yakaenda kwenye meza.

"Mama Gaude," akasema Mama Shija, "mbona umekifunika? Kuna maiti?"

Kina mama wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nikacheka na mimi. Nikasema maji yanabadilishwa. Gaude alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe, hakucheka.

Ilipofika jioni nilifungua daftari lake. Najua si vizuri. Ukurasa wa siku ile alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: *Wote wamekufa. Labda niliwalisha sana. Labda maji ya bomba. Kosa langu.*

Kosa langu.

Mnafikiri nilimwambia? Sikumwambia. Nilijua tangu ile alasiri niliyoona midomo nje ya maji. Lakini ningesemaje? Mimi ndiye niliyejisifu kwenye basi, sokoni, humu humu kwenye blogu, kwamba maji na tope ni kazi yetu sisi wa Mamba. Nikasema moyoni, ni samaki tu. Atasahau. Nikampikia maharage ya nazi.

Hakusahau. Jumanne alirudi na fomu ya shule ya kuchagua masomo ya mwaka ujao, sayansi au arts, mzazi aweke sahihi, irudishwe Jumatatu. Jumatatu ni kesho. Huyu ni mtoto ambaye tangu anajifunza kutembea anapasua vitu kuona ndani kuna nini. Aliweka tiki kwa penseli kwenye arts.

Nikamuuliza, mbona arts, mama? (Huwa namwita mama, ana jina la pili la bibi yake.)

"Mimi nikishika kitu kinakufa," akasema. "Sasa nikasomee udaktari niue watu?"

Alisema kama mtu anayesema kesho kuna mvua. Hilo ndilo lililonitisha. Angelia ningejua la kufanya.

Jumatano sikuuza vizuri. Nilimpimia mteja kilo mbili badala ya tatu, akanirudia na maneno. Nilimpigia simu mama yangu Mamba, nikamweleza yote, nikitegemea atanionea huruma. Yeye akasema, "Wewe ulipovunja chungu changu ukamsingizia mbuzi, mbuzi alipigwa." Akauliza kama mvua imeanza kwetu. Akakata.

Alhamisi Gaude alivua sare, akaja kukaa na mimi kwenye mkeka. Tulikuwa tunachagua mawe kwenye mchele, ungo kati yetu. Kazi hiyo ni nzuri kwa maneno magumu kwa sababu kila mtu anaangalia chini.

"Wale samaki niliwaua mimi," nikasema.

Vidole vyake viliendelea. Jiwe. Jiwe. Chuya.

"Niliweka mbolea. Nilitaka majani yawe kijani, Jumuiya ikija."

"Mbolea gani?"

"Ya kukuzia. Ile nyeupe."

"Kiasi gani?"

"Kijiko."

"Cha chai au cha chakula?"

"Cha chai." Nikatupa jiwe. "Kilichojaa."

"Kilichojaa!" Akanyanyuka, akaingia ndani. Nikajua sasa analia, na mlango utafungwa. Akatoka na daftari.

"Saa ngapi?"

"Asubuhi, ulipotoka tu."

"Ulikoroga?"

"Gaude, mimi ni mama yako, si mtuhumiwa."

"Ulikoroga au hukukoroga?"

Sikukoroga. Akaandika. Mwanangu aliniandika kama polisi anavyoandika maelezo, na mimi nilijibu yote. Kisha akashika ufutio, akarudi ukurasa wa nyuma, akafuta yale maneno mawili ya mwisho. Alifuta taratibu sana, akapuliza vumbi lake. Ndipo akaniangalia.

"Nimelia siku tano, mama."

Nikasogeza ungo pembeni.

Nilimwomba msamaha. Sijui nyie mlilelewaje, mimi sikuwahi kumsikia mzazi akimwomba mtoto msamaha. Neno lilikuwa zito mdomoni kama ugali usioiva. Akaitika kwa kichwa, akarudi kuchagua mawe. Hakula vizuri siku ile na sikumlazimisha.

Ijumaa asubuhi alikuwa anafunga viatu, akauliza bila kugeuka: "Ule udongo mwingine wa kwa bibi, upo?"

Upo! Nusu yake ilikuwa imebaki kwenye mfuko, imeegemea ukuta wa jiko tangu mwezi wa tisa, imekauka kama matofali. Aliporudi shule tulianza upya. Udongo wa zamani tuliumwaga kwenye tuta la mchicha, pale mbolea itapata wenyewe. Kioo tukasuuza, majani tukasuuza, konokono tukamweka kwenye bakuli akisubiri nyumba yake. Gaude alinieleza tukiwa tunafanya kazi kwamba mbolea ile ikikaa kwenye maji hugeuka sumu, inaunguza matamvua, pale samaki anapopumulia. Jaruba ni pana, ardhi inakunywa, maji yanatembea. Kwenye lita kumi na mbili inakwenda wapi? Hakuna pa kwenda. Sasa hilo mimi nimelijua nikiwa na umri huu, na nimelipenda. Mbolea ile ile, mkono ule ule. Kilichobadilika ni ukubwa wa maji.

Safari hii udongo hatukuumwagia maji ya moto. Si kwa akili yoyote, gesi iliisha. Tukaubomoa kwa mikono, tukautandaza, mchanga tukaweka upande mmoja tu kwa sababu ulipungua, na maji tukatumia ya kile kimvua cha kwanza cha usiku wa Alhamisi, tuliyoyakinga chini ya bati kwenye beseni. Kikawa rangi ya chai ya rangi. Gaude akasema tukiache, samaki tutafikiria likizo.

Jana mvua ile kubwa ilimkalisha ndani. Sikumwona akikisogelea.

Leo tumetoka misa. Mimi nimeingia kubadilisha viatu, nikapita karibu na meza, nikaona vitu vinatembea. Vidogo kama uzi uliokatwa kwa wembe, na kwenye ncha ya kila uzi kuna nukta mbili nyeusi.

"Gaude! Njoo uone, kioo kimeingia mbu!"

Mama Shija alikuwa anapita na mwavuli wake, akasikia, akaingia bila kubisha hodi. "Nilisema! Samaki wameshindikana, sasa anafuga mbu!"

Gaude alipiga magoti hadi jicho likawa sawa na maji. Mama Shija akataka kusema tena, nikamshika mkono.

"Si mbu," akasema Gaude. "Viluwiluwi vya mbu vinaning'inia juu kuvuta hewa. Hivi viko chini. Vina mkia." Sauti ikaanza kupanda. "Mama. Hawa ni samaki."

Nyie, mimi nilikaa chini.

Kwa sababu hadithi hii naijua. Nilipokuwa mdogo, mvua ya kwanza kubwa ikishanyesha Mamba, tulikuwa tunakimbia kwenye yale mabonde yaliyokuwa makavu tangu kiangazi. Baada ya majuma machache tu kuna samaki humo, wana mikia myekundu kama vitambaa vya kanisani. Hakuna mto unaoingia pale. Mama yangu alituambia wanashuka na mvua. Niliwahi kumsimulia Gaude akanicheka, "Mama, samaki hawanyeshi!" Nikanuna siku hiyo.

Sasa nikapata nguvu. "Unaona? Tumeweka maji ya mvua. Wameshuka!"

"Beseni lilikuwa safi, mama. Nililiangalia." Akafungua daftari, akaweka kurasa mbili pamoja, ya mwezi wa tisa na ya Ijumaa, akapitisha kidole. Majani yale yale. Kioo kile kile. Udongo wa kabonde kale kale. "Mara ya kwanza tuliumwagia maji ya moto," akasema. Kisha akasema polepole, kama anamsomea mtu mwingine: "Hawakushuka. Walikuwa humu. Mayai yalikuwa kwenye udongo mkavu, yanasubiri maji."

Miezi mingapi kwenye mfuko wa salfeti! Wamepanda basi. Wameegemea ukuta wa jiko langu, nimewekea juu yao mkaa na ndoo.

Mama Shija akatua mwavuli. Akapiga magoti na yeye, na magoti yake yanajulikana kwa kuuma. "Hebu sogea, Gaude. Yuko wapi huyo? Ooh. Ooh, jamani, ana macho!" Amekaa hapa nusu saa. Hajasema neno la ugali.

Tumehesabu saba. Gaude anasema labda tisa, mimi nasema saba, konokono hasemi.

Nimempigia mama yangu kumwambia kwamba alikosea. Amesema hakukosea, aliona samaki na aliona mvua, mengine ni ya wenye shule. Gaude akachukua simu, akamuuliza wale wa kule wanakula nini wakiwa wadogo hivi. Wameongea muda mrefu kuliko mimi na mama yangu tulivyowahi kuongea.

Kisha ameniletea fomu. Tiki ya penseli imefutwa, lakini ukiinamisha karatasi kwenye mwanga unaiona bado. Ya kalamu iko kwenye sayansi.

"Nikifeli kemia usinilaumu," amesema.

Nimemwambia hata angeacha ile ya penseli ningesaini, ilimradi asiichague kwa sababu ya kosa langu. Nimeweka sahihi yangu kubwa, imevuka mstari. Kesho inakwenda.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria. Wadogo hivi, watashiba nini? Labda unga kidogo wa mahindi, uliochekechwa vizuri? Labda kiini cha yai? Nilikuwa hata sijanyanyuka kwenye kigoda. Gaude amenitazama usoni, akachana karatasi ya daftari, akaandika kwa herufi kubwa, akaibandika kwenye kioo kwa gundi ya karatasi.

MAMA USILISHE.

Nimeisoma mara tatu. Mwandiko mzuri sana, herufi zote zimenyooka. Mama Shija ameshaondoka kwenda kuitangaza sokoni, na mimi nitaitangaza zaidi yake.

Kesho asubuhi nitawahesabu tena, mikono nyuma.